Jupp Heynckes: mfungaji wa mabao 220 aliyejifunza ukocha kwa kufukuzwa

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mjadala wa makocha wa Kijerumani unapoanza humu, majina yanayotangulia ni Jürgen Klopp, Thomas Tuchel na Julian Nagelsmann. Sina ugomvi na majina hayo, ila yamewafanya vijana wengi waamini kwamba kocha mkubwa wa Kijerumani lazima awe mtu ambaye uwanjani hakuwa lolote. Klopp alimalizia uchezaji wake Mainz, katika daraja la pili, na Nagelsmann majeraha yalimkatisha angali kijana. Uzi huu nauleta kwa ajili ya Josef Heynckes, anayejulikana zaidi kama Jupp, ambaye kabla ya kuwa kocha alikuwa miongoni mwa washambuliaji waliogopwa zaidi Ulaya, na ambaye kwa maoni yangu anaeleweka vibaya. Wengi humchukulia kama mzee mpole aliyeikuta Bayern Munich imeshakamilika, akabeba mataji matatu mwaka 2013 na kwenda zake kupumzika. Hoja yangu ni kwamba upole ule hakuzaliwa nao. Aliupata kwa kutimuliwa, kugombana na wachezaji na kuitwa mtu wa zama zilizopita, tena kwa muda wa takribani miaka kumi na sita.

Alizaliwa Mönchengladbach tarehe 9 Mei 1945, siku moja baada ya Ujerumani kusalimu amri, katika familia ya mhunzi yenye watoto kumi. Kabla mpira haujaanza kumlipa alisomea ufundi wa kupiga lipu. Kocha Hennes Weisweiler akamchukua Borussia Mönchengladbach, na mwaka 1965 timu hiyo ikapanda Bundesliga, yeye na Günter Netzer wakiwa bado vijana wadogo. Mwaka 1967 alihamia Hannover 96, ambako mambo hayakwenda sana, kwani alifunga mabao 25 tu katika mechi 86, kisha mwaka 1970 akarudi nyumbani. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Gladbach ya miaka ya 1970 ilikuwa mpinzani pekee wa kweli wa Bayern ya Franz Beckenbauer na Gerd Müller. Akiwa nayo Heynckes alitwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 1971, 1975, 1976 na 1977, Kombe la Ujerumani mwaka 1973, na Kombe la UEFA mwaka 1975. Fainali ya kombe hilo la UEFA ilichezwa kwa mikondo miwili dhidi ya Twente ya Uholanzi. Mechi ya kwanza iliisha bila bao, na katika marudiano ugenini Gladbach ilishinda 5-1, Heynckes akifunga matatu. Mwaka 1974 aligawana na Müller kiatu cha mfungaji bora wa Bundesliga kwa mabao 30 kila mmoja, na mwaka uliofuata akakichukua peke yake kwa mabao 27. Alipostaafu alikuwa na mabao 220 katika mechi 369 za ligi hiyo, na mpaka leo walio juu yake ni Müller, Robert Lewandowski na Klaus Fischer tu.

Katika timu ya taifa hakung'ara kiasi hicho, na sababu haihitaji utafiti: nafasi ya katikati ilikuwa na mwenyewe, naye aliitwa Gerd Müller. Heynckes alicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mwaka 1972, ambapo Ujerumani Magharibi iliifunga Umoja wa Kisovieti 3-0. Medali ya Kombe la Dunia la 1974 anayo pia, ingawa alianza mechi mbili za mwanzo tu, dhidi ya Chile na Australia, na fainali aliitazama kutoka nje.

Mechi yake ya mwisho ya ligi kama mchezaji inastahili aya yake yenyewe. Tarehe 29 Aprili 1978 Gladbach na Köln waliingia siku ya mwisho ya msimu wakiwa na pointi sawa, Köln wakiwa mbele kwa tofauti ya mabao 10. Gladbach walikuwa wakicheza na Borussia Dortmund mjini Düsseldorf, na Heynckes alifunga bao la kwanza ndani ya dakika ya kwanza. Mpira ulipomalizika ubao ulisomeka 12-0, matano kati ya hayo yakiwa ya kwake. Hata hivyo Köln nao walishinda 5-0 ugenini kwa St. Pauli na kutwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao matatu. Aliyekuwa kwenye benchi la Köln siku hiyo ni Weisweiler, yuleyule aliyemlea Heynckes. Kocha wa Dortmund, Otto Rehhagel, alifukuzwa kazi mara moja, na miaka 26 baadaye akaipa Ugiriki ubingwa wa Ulaya.

Baada ya hapo alikaa mwaka mmoja kama msaidizi wa Udo Lattek, na mwaka 1979, akiwa na miaka 34, akakabidhiwa timu. Alidumu nayo miaka minane bila kombe lolote, ingawa alilikaribia mara nyingi. Mwaka 1980 alipoteza fainali ya Kombe la UEFA kwa Eintracht Frankfurt kwa sheria ya bao la ugenini. Mwaka 1984 Stuttgart, Hamburg na Gladbach zilimaliza ligi zikiwa na pointi 48 kila moja, na Gladbach ikaambulia nafasi ya tatu. Siku chache baadaye ikapoteza fainali ya Kombe la Ujerumani kwa Bayern kwa mikwaju ya penalti, na mkwaju wa kwanza wa Gladbach ulipaishwa na Lothar Matthäus, ambaye tayari ilikuwa inajulikana kwamba anahamia Bayern. Mashabiki wa Gladbach wa rika lile hawajausahau mkwaju huo.

Mwaka 1987 Bayern ilimchukua. Akatwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1989 na 1990, na katika sherehe za mwaka 1990, akiwa juu ya roshani pale Marienplatz, katikati ya jiji la Munich, akawaahidi mashabiki kwamba mwaka unaofuata angewaletea Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Timu ilifika nusu fainali, na mjini Belgrade dhidi ya Red Star, dakika zikiwa zimekwisha, Klaus Augenthaler akajifunga. Kufikia Oktoba 1991 Heynckes alikuwa amefukuzwa, baada ya kufungwa nyumbani 4-1 na Stuttgarter Kickers. Uli Hoeneß, meneja wa klabu na rafiki yake, amekiri hadharani kwamba uamuzi ule ndio kosa kubwa alilowahi kufanya kazini.

Yaliyofuata nayapitia kwa kasi: Athletic Bilbao, Eintracht Frankfurt, kisha Tenerife, klabu ya kisiwani ambayo aliifikisha nusu fainali ya Kombe la UEFA mwaka 1997. Mafanikio hayo ndiyo yaliyomfungulia mlango wa Real Madrid.

Madrid walikuwa hawajalishika kombe kubwa la Ulaya tangu 1966. Tarehe 20 Mei 1998 mjini Amsterdam waliifunga Juventus 1-0, bao la Predrag Mijatović, mbele ya Juventus iliyokuwa na Zinedine Zidane na Alessandro Del Piero. Katika nusu fainali ya kwanza dhidi ya Dortmund, mashabiki walipanda uzio uliofungwa kwenye goli pale Bernabéu, uwanja wa Madrid, goli likaanguka kabla mpira haujaanza, na mechi ikachelewa kwa zaidi ya saa moja hadi goli jingine lilipoletwa. Baada ya vyote hivyo, siku chache tu tangu fainali, kocha akaambiwa asante. Sababu iliyotajwa ni nafasi ya nne katika ligi. Mimi naona sababu ya ndani zaidi ni kwamba chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimemshinda, na hilo yeye mwenyewe hakulificha sana.

Miaka tisa iliyofuata ilikuwa ya kuporomoka. Akiwa Benfica alifungwa 7-0 na Celta Vigo katika Kombe la UEFA mwezi Novemba 1999, na Septemba 2000 nafasi yake ikachukuliwa na kijana mmoja aitwaye José Mourinho, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu kabla ya hapo. Alirudi Bilbao, akaenda Schalke ambako hakumaliza hata miezi kumi na minane, na mwaka 2006 akakubali kuiongoza tena Gladbach. Januari 2007 alijiuzulu, timu ikiwa inaelekea kushuka daraja na yeye akiwa amepokea vitisho katika mji aliozaliwa. Alikuwa na miaka 61, na hakuna aliyetarajia kumwona tena kwenye benchi.

Mpaka hapa nasubiri michango yenu, kisha nitaendelea na kipindi cha pili.

Mchangiaji:
Mleta uzi, heshima yako. Umeandika vizuri, ila naona unataka kutufikisha mahali ambapo sikubaliani napo. Timu ya 2013 aliijenga Louis van Gaal. Ndiye aliyempandisha Thomas Müller, ndiye aliyemhamishia Bastian Schweinsteiger katikati, na ndiye aliyeifikisha Bayern fainali ya 2010. Ukiongeza fedha za klabu ile, hata mimi na wewe tungebeba kombe. Pia umeruka Frankfurt kwa sentensi moja. Sisi tuliokuwa tukimshabikia Tony Yeboah hatujasahau.

Mleta uzi:
Mkuu, hoja ya Van Gaal naikubali yote. Misingi ni yake. Ila Frankfurt sikuikimbia, nilikuwa naiwekea akiba, kwa sababu ndiyo kiini cha uzi huu.

Mwaka 1994 Heynckes alipofika, Frankfurt ilikuwa na Anthony Yeboah wa Ghana, nahodha wa timu na mfungaji bora wa Bundesliga kwa misimu miwili mfululizo, japo mara zote mbili aligawana tuzo hiyo na mwingine. Alikuwapo pia Jay-Jay Okocha wa Nigeria, akiwa na miaka 21, na kiungo Maurizio Gaudino. Mwezi Desemba kocha aliona watatu hao hawajitumi mazoezini, akawaamuru wafanye mazoezi ya ziada ya kukimbia. Wao wakatoa taarifa kwamba hawako tayari kucheza mechi iliyofuata, na klabu ikawasimamisha. Yeboah akaenda Leeds United, ambako mabao yake ya mashuti ya mbali bado yanaoneshwa hadi leo, na Gaudino akaenda Manchester City kwa mkopo. Heynckes mwenyewe hakufika mwisho wa msimu, na mwaka 1996 Frankfurt ikashuka daraja kwa mara ya kwanza tangu Bundesliga ianzishwe. Kocha alitaka kulinda nidhamu, akaishia kuivunja timu, na lawama yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba alimpa nahodha adhabu ya mtoto wa shule mbele ya wenzake wote.

Sasa linganisha na Aprili 2012. Bayern ilikuwa ikicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid, na wakati wa mapumziko Franck Ribéry akampiga Arjen Robben ngumi chumbani, chanzo kikiwa ni ugomvi wa nani apige mpira wa adhabu. Heynckes wa 1994 angewatoa wote wawili. Heynckes wa 2012 aliacha klabu imtoze Ribéry faini, Ribéry akaomba radhi, na katika marudiano kule Madrid wote wawili walianza. Bayern ilipita kwa penalti. Mwaka mmoja baadaye mabao yaliyoleta kombe yalitoka miguuni mwa watu hao hao wawili, kama nitakavyoeleza.

Katikati ya matukio hayo mawili kuna mambo ambayo mkuu umeyaruka. Aprili 2009 Bayern ilimfukuza Jürgen Klinsmann, na Hoeneß akampigia simu rafiki yake aje kushika timu kwa mechi tano za mwisho. Hakupoteza hata moja. Leverkusen wakamchukua mara moja, na msimu wa 2009/10 timu hiyo ilicheza mechi 24 za mwanzo wa ligi bila kufungwa. Wachezaji wake walikuwa vijana: Toni Kroos, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Bayern, na Arturo Vidal wa Chile. Ukiwasikiliza wachezaji wa kipindi kile wakimzungumzia, hawaanzi na mbinu, wanaanza na namna alivyozungumza nao mmoja mmoja.

Kuhusu fedha: ni kweli zilikuwapo, lakini swali ni nani aliyejua pa kuzitumia. Mwaka 2012 Bayern ilimaliza ya pili katika kila kitu. Katika ligi walikuwa nyuma ya Dortmund, kombe la ndani walifungwa 5-2 na Dortmund hao hao, na fainali ya Ligi ya Mabingwa, iliyochezwa kwenye uwanja wao wenyewe, walipiga kona 20 dhidi ya moja ya Chelsea. Thomas Müller alifunga dakika ya 83, Didier Drogba akasawazisha dakika ya 88 kutokana na kona hiyo moja, Petr Čech akaokoa penalti ya Robben katika muda wa nyongeza, na Chelsea wakashinda kwa matuta. Baada ya msimu kama ule Heynckes aliisukuma klabu imnunue Javi Martínez kutoka Bilbao kwa euro milioni 40, kiasi ambacho Ujerumani ilikuwa haijawahi kukiona kwa mchezaji mmoja. Klabu ile aliifundisha mara mbili, kwa hiyo soko lake alilifahamu. Martínez akasimama pembeni ya Schweinsteiger, na Bayern ikaruhusu mabao 18 tu katika mechi 34 za ligi.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba Robben na Ribéry walikubali kurudi nyuma kukaba. Mwanzoni mwa msimu ule Robben hakuwa hata na uhakika wa namba. Kroos alipoumia dhidi ya Juventus mwezi Aprili, Robben aliingia kuchukua nafasi yake na hakutoka tena. Barcelona walikula 4-0 Munich na 3-0 kwao. Tarehe 25 Mei 2013 pale Wembley, matokeo yakiwa 1-1 na Dortmund na saa ikisoma dakika ya 89, Jérôme Boateng alipiga mpira mrefu wa adhabu, Ribéry akaukinga huku amezungukwa, akausukuma kwa kisigino, na Robben akapita katikati ya mabeki na kumzungusha kipa Roman Weidenfeller kwa shuti lililokwenda taratibu mno hadi wavuni. Wiki moja baadaye wakaifunga Stuttgart 3-2 katika fainali ya kombe la ndani. Ligi walikuwa wameimaliza tangu tarehe 6 Aprili, wakafikisha pointi 91 na kuwaacha Dortmund kwa pointi 25. Haya yote yalifanyika huku klabu ikiwa imeshatangaza tangu Januari kwamba Pep Guardiola ndiye atakayemrithi. Kocha anayejua kwamba anaondoka hupoteza sauti chumbani mara nyingi. Huyu sauti yake ilizidi kusikika.

Mchangiaji mwingine:
Nimejifunza mengi, kaka. Swali langu ni moja: kwa nini alikubali kurudi mwaka 2017? Na je, unamweka juu ya Ottmar Hitzfeld?

Mleta uzi:
Alirudi kwa sababu ya Hoeneß, kama ilivyokuwa 2009. Carlo Ancelotti alikuwa ameondolewa baada ya kufungwa 3-0 na Paris Saint-Germain, Bayern ilikuwa nyuma ya Dortmund kwa pointi tano, na Heynckes, akiwa na miaka 72, alikuwa shambani kwake karibu na Mönchengladbach na mbwa wake Cando. Alimaliza msimu akiwa bingwa kwa pointi 21. Real Madrid ilimtoa nusu fainali kwa jumla ya mabao 4-3, mechi ambazo kwa haki Bayern ilizitawala, na bao moja la Karim Benzema lilitokana na kuteleza kwa kipa Sven Ulreich. Mechi yake ya mwisho kabisa, fainali ya kombe la ndani tarehe 19 Mei 2018, alifungwa 3-1 na Eintracht Frankfurt ya Niko Kovač, ambaye tayari alikuwa ametangazwa kuwa mrithi wake Munich.

Kuhusu Hitzfeld: ukihesabu makombe ya ukocha, Hitzfeld yuko juu, na sioni haja ya kubishana. Naye pia alitwaa Ligi ya Mabingwa na klabu mbili tofauti, Dortmund mwaka 1997 na Bayern mwaka 2001. Lakini ukijumlisha uchezaji na ukocha kwa pamoja, kwa upande wa Ujerumani namwona Beckenbauer peke yake mbele ya Heynckes, kwa kuwa alitwaa Kombe la Dunia kama nahodha mwaka 1974 na kama kocha mwaka 1990. Hata hapo kuna kitu ambacho Beckenbauer hakukipata: kama kocha hakuwahi kutwaa kombe kubwa la klabu Ulaya. Heynckes alilipata mara mbili akiwa kocha, baada ya kulikosa akiwa mchezaji, Liverpool walipoifunga Gladbach 3-1 mjini Rome mwaka 1977. Anayeona nafasi ya pili ni kubwa mno kwake alete jina la mtu mwingine, tulijadili.